Mashine za betri za kutengenezea gari nyumbani: ninunue ipi kwanza?

Swali: Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ, na mdogo wangu ana Noah ya zamani. Kazi ndogondogo tunazifanya wenyewe uani: kubadili oili, pedi za breki, kuhamisha tairi za mbele kwenda nyuma. Sasa tunataka kujaribu shokomzoba na stabilaiza linki. Nimechoka kusimama juu ya wili spana kila nikitaka kufungua tairi. Kariakoo nimeona sanduku lenye drili, grainda na mashine ya kufungulia nati pamoja na betri mbili zilizoandikwa 88V, na bei yake iko chini ya mashine moja ya Makita isiyo na betri. Dada yangu yuko Muscat na anakuja likizo. Rafiki yangu yuko Marekani na ameahidi kunitumia kifaa. Ninunue nini, na kitoke wapi?

Jibu: Ndugu, sanduku liache. Nunua mashine moja ya kufungulia nati, ile ambayo mafundi wanaiita impakti, yenye kichwa cha nusu inchi, volti 18, na mota isiyo na kaboni. Ichukue pamoja na betri moja ya 4Ah au 5Ah (ampea-saa, yaani ujazo wa betri) na chaja ya volti 220–240. Fedha itakayobaki iende kwenye soketi za impakti na spana ya torki, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza. Drili na grainda vinaweza kusubiri, na huenda grainda ya betri usiihitaji kabisa.

Tuanze na hiyo 88, kwa sababu namba za namna hiyo ndizo zinazowapotezea watu fedha. Seli moja ya lithiamu inayotumika kwenye vifaa hivi ina volti 3.6, na ikijaa hufika 4.2. Betri ya Makita au Bosch ya 18V ina seli tano zilizofuatana: tano mara 3.6 ni 18, na zikijaa ni 21. DeWalt huandika 20V Max kwenye betri zake za Marekani na 18V kwenye zile za Ulaya, na ndani ni seli tano vilevile. Viwanda vya China vinavyoandika 21V vinataja volti za betri iliyojaa, na hapo hakuna uongo. Lakini 48V, 88V na 128V kwenye betri inayoshikika kwa mkono mmoja ni maandishi tu. Volti 88 za kweli zingehitaji seli zaidi ya ishirini mfululizo. Nenda dukani na multimita, weka ncha zake kwenye vyuma vya betri vya chanya na hasi, utasoma 20 na kidogo.

Ujazo wa betri nao huongezwa chumvi. Seli nyingi za betri hizi ni za ukubwa wa 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Seli bora kabisa za ukubwa huo hubeba kama 3.5Ah, na zile zinazoweza kutoa mkondo mkubwa bila kuchemka, ambazo ndizo impakti inazihitaji, hubeba kati ya 2.0 na 3.0. Betri nene ya kawaida ina seli kumi zilizofungwa mbilimbili. Seli za 2.5Ah zinakupa betri ya 5Ah, na za 3.0Ah zinakupa 6Ah. Basi. Betri ya umbo hilohilo iliyoandikwa 9Ah au 12Ah haiwezekani kwa seli hizo. Betri za 8Ah na kuendelea zipo kweli, ila hutumia seli nene zaidi za 21700, na ukubwa na uzito wake unauona kabla hujasoma lebo.

Mzani husaidia kuliko macho. Seli moja ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hivi, kwa hiyo seli kumi peke yake ni gramu 450 kabla ya kasha, saketi na vyuma. Betri halisi ya Makita ya 5Ah hupita gramu 600. Ukiletewa ya “5Ah” yenye nembo hiyo na mzani ukasoma 420, ndani kuna seli tano na nafasi tupu. Sema asante, rudisha.

Kwa nini ujazo una maana kubwa hivyo kwenye impakti, wakati kufungua nati nne ni kazi ya nusu dakika? Kwa sababu suala ni mkondo, wala si muda. Ndani ya impakti kuna nyundo inayozungushwa na mota na kugonga kichwa cha soketi mara nyingi kwa sekunde. Kila pigo linataka mkondo mkubwa kwa ghafla. Betri nyembamba ya 1.5 au 2.0Ah ina safu moja tu ya seli tano. Ikivutwa kwa nguvu volti zake hushuka, mota hupungua kasi, na nyundo hugonga kwa unyonge. Mtu huilaumu mashine, kumbe mashine ni nzima na betri ndiyo ndogo. Impakti ileile ikiwekewa betri ya 5Ah hufungua nati iliyoishinda dakika moja iliyopita. Ndiyo maana nakushauri betri moja nene badala ya mbili nyembamba, hata kama muuzaji anakuambia mbili ni nyingi kuliko moja.

Sasa nguvu unayohitaji. Nati za tairi za IST na Noah ni za soketi ya 21, nyuzi M12 × 1.5 (kipenyo milimita 12, nafasi kati ya nyuzi milimita 1.5), na kipimo cha kukaza ni 103 Nm (newtoni-mita, kipimo cha torki). Nati iliyokazwa 103 hufunguka kwa nguvu inayokaribia hapo ikiwa safi. Tatizo ni kwamba nati zako hazikukazwa 103. Zilikazwa na mashine ya upepo kwa fundi wa tairi, labda 250 au zaidi, kisha zikapata matope na kutu. Kwa hiyo unahitaji mashine yenye akiba.

Kwenye lebo utakuta namba mbili: torki ya kukaza na torki ya kufungulia. Ya pili huwa kubwa zaidi, na ndiyo inayopambwa kwenye matangazo. Linganisha ya kukaza kwa ya kukaza. Makita DTW300, kwa mfano, ina 330 Nm za kukaza na 580 za kufungulia, na urefu wake ni milimita 144 tu, kwa hiyo inaingia ndani ya upinde wa tairi bila kugombana na bodi. Bosch GDS 18V-300 iko daraja hilohilo: 300 na 500. Kwa IST na Noah daraja hili linatosha kwa tairi, mabano ya kalipa, bolti za shokomzoba na vitu vingi vya chini. Hata nati ya ekseli ya mbele ya IST, soketi ya 30, ambayo kipimo chake ni 216 Nm, itafunguka ukishanyoosha kwanza ile sehemu iliyopondwa kuizuia isirudi. Watu husahau kuinyoosha, wanabonyeza kitufe, na nyuzi za ekseli zinakwenda na nati.

Daraja la juu, kama DTW1002 yenye 1,000 Nm za kukaza, ni la mwenye Land Cruiser, Hilux au Fuso. Kwenye IST litakuumiza: ni refu, ni zito ukilishika juu ya kichwa chini ya gari, na linakata stadi ya M12, ile bolti ya habu inayoshika nati ya tairi, kabla hujaondoa kidole. Nisisitize hapa, maana wengi hununua namba kubwa kwa kudhani ni usalama. Kwa gari dogo, nguvu iliyozidi ndiyo chanzo cha stadi zilizokatika.

Na ile mashine ndogo ya skrubu yenye tundu la pembe sita la robo inchi, inayokuja kwenye seti nyingi pamoja na drili? Huandikwa 160 hadi 180 Nm, na watu huitia adapta ya nusu inchi ili wafungulie tairi. Adapta hiyo ina shingo nyembamba inayojipinda na kumeza sehemu kubwa ya kila pigo, na mwisho hukatika. Mashine hiyo ni nzuri sana kwa bolti za 10 na 12: kava la chini ya injini, mabano ya bampa, sanduku la chujio la hewa. Ukiwa nayo tayari itumie huko. Usiinunue ukidhani itachukua nafasi ya impakti ya nusu inchi.

Kuhusu mota isiyo na kaboni, iliyoandikwa Brushless kwenye kasha: lipia tofauti ya bei. Inatumia betri vizuri zaidi, haina kaboni za kubadilisha, na haitoi cheche za wazi kama mota ya kaboni inavyotoa ukichungulia matundu yake ya hewa. Hilo la cheche lina uzito kwenye gari. Hata hivyo hakuna mashine ya kawaida ya betri, yenye kaboni au isiyo nayo, iliyotengenezwa kwa ajili ya mvuke wa petroli. Ukifungua tangi, pampu au mpira wa mafuta, fanya kwa spana za mkono, mahali pa wazi, na betri ya gari ikiwa imetolewa waya wa hasi.

Soketi ndizo zinazosahauliwa. Zile zinazong'aa za boksi la kawaida ni za kromu vanadi. Chuma chake ni kigumu, na kikigongwagongwa hupasuka na kurusha vipande. Soketi za impakti ni nyeusi, za kromu molibdeni, kuta zake nene, na ndani zina pembe sita, si kumi na mbili. Kwa magari yenu mawili nunua 14, 17, 19 na 21, na 30 siku ya kazi ya ekseli. Ile ya 21 iwe ndefu na yenye ukuta mwembamba uliovikwa plastiki, kwa sababu matundu ya rimu za aloi ni finyu na soketi nene hukwaruza rimu. Nunua pia nondo ya kurefushia ya impakti ya inchi 5 au 6. Usiifanye ndefu kuliko unavyohitaji, maana kila urefu unaoongeza unajipinda na kupunguza pigo. Mashine ikishindwa na nati, kitu cha kwanza cha kufanya ni kuondoa nondo na adapta zote na kujaribu soketi moja kwa moja.

Vaa miwani na kizuia sauti. Impakti ndani ya gereji iliyofungwa hutoa kelele ya desibeli 95 na zaidi.

Spana ya torki ndiyo nusu ya pili ya ununuzi huu, na usikubali kuiahirisha. Impakti ni ya kufungua. Kukaza kwa mwisho ni kwa mkono na kipimo. Hata zile zenye vitufe vya nguvu 1, 2, 3 hazipimi torki: zinapunguza kasi ya mapigo tu, na matokeo hubadilika kwa hali ya betri, urefu wa nondo na usafi wa nyuzi. Nati zikikazwa kwa nguvu tofauti tofauti, diski ya breki hukaa upande upande kwenye habu, na baada ya muda utasikia mtetemo mguuni ukikanyaga breki kwenye mwendo. Watu hubadilisha diski mara mbili bila kujua kwamba mwenye kosa ni aliyekaza tairi. Chukua spana ya torki ya nusu inchi inayofika kama 200 Nm. Hiyo itakufaa kwa tairi, kalipa na shokomzoba. Isitumike kufungulia kitu chochote, na ukimaliza irudishe kwenye kipimo chake cha chini kabisa ili springi ipumzike.

Utaratibu wa tairi ni huu. Gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono juu, kizuizi nyuma ya tairi la upande wa pili. Inua kwa jeki, kisha weka stendi kabla hujawasha mashine, kwa sababu mtetemo wa impakti unaweza kusogeza gari kwenye jeki. Fungua nati. Kama rimu ina nati ya kufuli, ile yenye ufunguo wake maalumu, ifungue kwa mkono peke yake. Ufunguo huo ni mwembamba, mapigo huuvunja, na bila ufunguo utalazimika kumtafuta fundi wa kuichomoa. Safisha stadi kwa brashi ya waya na uziache kavu. Ukizipaka oili au grisi, msuguano hupungua, na 103 Nm zilezile zitaivuta stadi kupita kiasi.

Wakati wa kurudisha, kila nati ianze kwa vidole, mizunguko mitatu au minne. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Nati ikiingia upande na ukabonyeza kitufe, mashine haitakuonya. Itaisukuma mpaka mwisho huku ikichuna nyuzi. Angalia pia usichanganye nati za magari. Nissan na Subaru nyingi hutumia M12 × 1.25, zako ni 1.5. Nati ya Nissan kwenye stadi ya Toyota huanza kidogo kisha hugoma, na mwenye spana ya mkono atausikia ugumu huo mapema. Mwenye impakti ataendelea na kuharibu vyote viwili. Baada ya vidole, tumia impakti kwenye kitufe cha 1 mpaka nati iguse rimu tu, shusha gari mpaka tairi liguse chini, kisha kaza kwa spana ya torki, 103 Nm. IST yenye nati nne, kaza kwa msalaba. Noah yenye tano, ruka moja kila mara, kama unachora nyota. Baada ya kilomita 50 hadi 100 pima tena, hasa kwa rimu za aloi.

Boliti ya kumwagia oili, ile ya 14 chini ya sampu, impakti isiiguse wala kufungua wala kufunga. Kipimo chake kwenye 1NZ ni kama 37 Nm, na nyuzi za sampu zikifa gharama yake ni kubwa kuliko mashine uliyonunua. Plagi za injini vilevile. Zinakaa kwenye kichwa cha alumini na hukazwa karibu 18 Nm, kwa hiyo ni kazi ya mkono mtupu. Pini za kalipa za 14 nazo zifungue kwa mkono, kwa sababu pini huzunguka pamoja na bolti na lazima uishike kwa spana nyembamba upande wa pili. Bolti za mabano ya kalipa, soketi ya 17, hapo sasa impakti inalipa. Ngoma ya breki ya nyuma ya IST ikigoma, usiigonge. Ina matundu mawili yenye nyuzi za M8. Ingiza bolti mbili, zungusha moja kidogo na nyingine kidogo kwa spana ya mkono, ngoma itajisukuma yenyewe.

Kwa kuwa mnataka kufanya shokomzoba, somo hili msome mara mbili. Bolti mbili za chini zinazoshika stati (shokomzoba pamoja na springi yake) kwenye nakali (chuma kinachobeba habu ya tairi) zifungue kwa impakti, kazi nyepesi. Juu, ndani ya boneti, kuna nati ndogo tatu za pembeni na moja kubwa ya katikati. Fungua zile tatu tu. Ya katikati imeshikilia springi iliyobanwa, na ukiifungua springi ikiwa na nguvu yake, kikombe cha juu kitaruka na kinaweza kuua. Stati ikishatoka nje, bana springi kwa vibanio viwili vilivyokaa pande mbili zinazotazamana, na uvizungushe kwa spana ya mkono, kwa zamu. Usitumie impakti kwenye vibanio hivyo: nyuzi zake huchemka, hukwama, na zikiachia zinaachia kwa ghafla. Springi ikilegea kabisa kwenye viti vyake, ndipo nati ya katikati inafunguliwa, na hapo mapigo ya impakti yanasaidia kwa sababu yanaitoa nati kabla fimbo haijaanza kuzunguka. Msishike fimbo ya shokomzoba mpya kwa plaisi. Mkwaruzo mmoja kwenye kromu unaichana sili, na ndani ya wiki chache oili inatoka.

Stabilaiza linki ina tabia ya kuzunguka pamoja na nati yake. Mwisho wa stadi yake kuna tundu la ufunguo wa elini, mara nyingi 5 au 6. Jaribu impakti kwanza, pigo fupi fupi. Ikizunguka, shika kwa elini na ufungue kwa ringi spana. Ikigoma kabisa, ikate, kwa kuwa unaweka mpya.

Hapo ndipo watu husema basi wanahitaji grainda ya betri. Kama uani kwenu kuna umeme, nunua grainda ya waya ya inchi nne na nusu. Bei yake ni ndogo, haichoki, na grainda ni kifaa kinachokula betri kuliko kingine chochote utakachokuwa nacho. Ukikata chuma kwa mfululizo, betri ya 5Ah huisha ndani ya dakika chache, kisha unasubiri ipoe ndipo uichaji. Hesabu hiyohiyo ni ya mashine ya kung'arishia rangi. Betri ziache kwa vitu vinavyofanya kazi kwa mipigo mifupi au vinavyoingia mahali ambapo waya unasumbua.

Cha pili cha kununua, ukiwa tayari, kiwe taa ya kufanyia kazi inayotumia betri ileile. Sitanii. Makosa mengi ya chini ya gari yanatokana na kutoona, na taa hunywa umeme kidogo sana. Cha tatu ni racheti ya betri ya 3/8, yenye shingo ndefu nyembamba, kwa bolti nyingi ndefu ndani ya injini: alteneta, manifoldi, kava. Nguvu yake ni ndogo, 40 hadi 75 Nm kwa nyingi, kwa hiyo unalegeza kwanza kwa mkono, halafu racheti inazungusha. Inakuokolea muda mwingi mahali ambapo spana inazunguka nafasi mbili tu. Angalia kichwa cha bolti kinaelekea wapi. Bolti ikitoka inaisukuma racheti nyuma, na kama mkono wako uko kati ya mashine na chasi, utabanwa kwa nguvu ya mota.

Yote haya yawe ya betri moja. Ukishachagua Makita, Bosch, DeWalt, Ingco au Total, umechagua umbo la betri, na kila kifaa kitakachofuata utakinunua bila betri wala chaja. Ingco na Total hazina aibu kwa kazi ya nyumbani, na kwa mikoani zina faida kwamba betri na vipuri vyake vinapatikana kwenye maduka mengi ya vifaa vya ujenzi. Hakikisha tu unachukua ile isiyo na kaboni, yenye walau 300 Nm za kukaza. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: betri yake peke yake anayo leo dukani? Kama anauza mashine lakini hana betri ya akiba, kesho kutwa utabaki na mashine ya mapambo. Muuzaji anayejiamini atakuruhusu pia ujaribu palepale nje, kwenye nati za gari lako.

Kuhusu dada na rafiki. Umeme wa Oman ni volti 240 na plagi yake ni ya pini tatu za mraba kama ya Tanzania, kwa hiyo chaja ya Muscat inaingia ukutani kwako bila kitu cha katikati. Umeme wa Marekani ni volti 120. Chaja ya kule ukiichomeka hapa itaungua mara moja, na adapta ya plagi haibadilishi volti. Chaja za Japani ni za volti 100, tatizo ni lilelile. Soma nyuma ya chaja: kama haijaandikwa 220–240V, iache. Betri na mashine zenyewe hazina shida hiyo. Mashine ya Makita ya 18V iliyonunuliwa Marekani inapokea betri ya Makita ya 18V iliyonunuliwa Muscat, na ya DeWalt ya 20V Max inapokea betri ya 18V ya DeWalt. Majina ya modeli tu hubadilika: za Makita zinazoanza na D huku, kule huanza na X.

Kwa hiyo rafiki atume mashine tupu tu, kwa sababu betri za lithiamu peke yake hazipokelewi kwenye posta ya ndege. Dada alete betri na chaja. Mwambie asome herufi za mwisho za modeli kabla ya kulipa: Makita yenye Z mwishoni, kama DTW300Z, huuzwa bila betri wala chaja, na wengi hushtuka wakifungua kasha.

Nyumbani, betri isikae ndani ya buti la gari juani. Joto ndilo linaloiua kuliko matumizi. Ikitoka kwenye kazi nzito, iache ipoe kabla ya kuichaji. Kama hutaitumia kwa miezi, iweke ikiwa nusu, isiwe tupu wala imejaa. Chaja ya haraka ya Makita, DC18RC, hujaza 5Ah kwa kama dakika 45, na kwa maeneo yenye mgao wa umeme hiyo ni faida ya kweli juu ya chaja ya polepole. Ukichaji kwa inveta ya sola, iwe ya mawimbi safi. Zile za bei ya chini zinaweza kuchemsha chaja.

Kwenye ndege, betri za akiba zinapanda kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Kikomo kisichohitaji kibali cha shirika ni wati-saa 100. Volti 18 mara 5Ah ni 90, zinapita. 18 mara 6Ah ni 108, hizo zinahitaji kibali. Afunike vyuma vya betri kwa selotepu au kwa kile kifuniko cha plastiki kinachokuja nacho, na mashine yenyewe, ikiwa bila betri, aiweke kwenye begi la chini.